Kiongozi Asiyejua Kusema Sijui

Ukipanda basi lake dogo la hospitali, hata kama unakwenda kupigwa picha ya mapafu, lazima utembezwe. "Upande wenu wa kulia," angesema, na shingo zote zingegeuka, za wenye magongo na za wenye bandeji machoni, watu wakatazama kituo cha mafuta kana kwamba ni kasri la sultani. Nilikuwa jirani yake Pearland, kando ya Houston, Texas, kwa zaidi ya miaka kumi, uzio wa mbao tu kati yetu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimweleza abiria jambo kwa ufupi.

Sisi tulimwita Kiongozi. Si wa siasa, maana siasa hakuiweza, hakuwa na subira ya kumwachia mwingine kipaza sauti. Ujanani alikuwa akitembeza watalii kwenye magofu ya kale ya pwani ya Kenya, upande wa Malindi, na kazi ile ilimkolea hata Marekani ikashindwa kuitoa. Vijana wa Mombasa pale Houston walimwita "gaidi", kama wengine wanavyowaita watembeza watalii kule nyumbani. Jina hilo alilichekea tu, mpaka siku nilipolipaza kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

"Bibie, nyamaza!" aliniambia, jasho limemtoka. "Hilo jina unaniitia hapa?"

"Kwani hapa nani anajua Kiswahili?"

"Ukuta una masikio. Na siku hizi masikio yana kamusi."

Alikuwa na tabia ya kutembea kinyumenyume. Mtembeza watalii hawezi kuwapa wageni mgongo, ndivyo alivyofundishwa, kwa hiyo popote alipokuwa na watu wawili nyuma yake aligeuka, akawatazama usoni, akaanza kurudi nyuma huku mikono ikionyesha huku na huku. Akifanya hivyo hospitalini tunamsamehe. Lakini alifanya hivyo dukani pia. Siku moja alikuwa ananieleza mimi na mkewe asili ya maharage ya kopo, akarudi nyuma hatua moja zaidi ya ilivyotakiwa, na mnara mzima wa makopo ukashuka. Hakushtuka. Aliyatazama makopo yanayoviringika akasema, "Na hivi ndivyo miji mingi inavyoanguka."

Mkewe, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee na kwa hiyo alizoea kusikia hadithi moja mara nyingi, alikuwa akituonya wageni wapya mlangoni kabisa. "Mume wangu ukimuuliza choo kiko wapi, atakupa historia ya choo. Wewe pita tu, mlango wa pili."

Historia hizo, nieleweke, hazikuwa za kweli. Sisemi zote, lakini nyingi. Kiongozi alikuwa na msemo wake aliourudia kila nilipombana: "Mgeni hakutoka kwao kuja kusikia sijui." Kwa hiyo hakusema sijui. Umuulize jengo lolote, mto wowote, sanamu yoyote ya mtu juu ya farasi, jibu liko tayari, lina mfalme ndani yake na lina mapenzi. Mimi nilikuwa na biashara ya vitambaa, naviweka gereji, na kila mwezi nilipanda kwenda Fort Worth kuwauzia Wakongo waliokuwa wakizidi kuja kule. Mara nyingi Kiongozi ndiye aliyenishikia usukani. Njia ni ndefu, malisho na ng'ombe, malisho na ng'ombe, lakini kwake haikuwa na hata kilima kimoja kisicho na malkia. Kuna kimji kimoja katikati ambako aliniapia kuwa palikuwa na bibi tajiri aliyefuga nyumbu mia na akaolewa na mganga wao. Nilisoma baadaye habari za kile kimji. Hakuna bibi, hakuna nyumbu, kulikuwa na kiwanda cha matofali.

Na huyu mtu aliyejua kila kitu kuhusu njia, njia zenyewe alikuwa hazijui. Ajabu yake hiyo! Kutoka Pearland mpaka Fort Worth hatukuwahi kufika bila kupotea.

"Kiongozi, ume-miss exit. Kona yetu ya kutokea imebaki nyuma."

"Sija-miss. Nimekuonyesha upande ambao watu hawauoni."

"Nimeshauona. Mwezi uliopita tuli-miss hapa hapa."

"Basi wewe sasa ni mwenyeji," angesema, na angegeuza gari kwa heshima zote.

Jambo moja tu lilimsumbua Houston. Mji huu, alisema, hauna magofu. Hawasubiri nyumba ianguke. Ikizeeka kidogo tu wanaleta tingatinga, na kesho yake pana maegesho ya magari. "Mji usio na gofu ni kama mtoto asiye na bibi," alisema. "Nani atamwambia alivyokuwa mtundu?" Kwa hiyo alijipa kazi ya kuonyesha vitu ambavyo havipo. Hapo palikuwa na sinema. Hapo palikuwa na kinyozi. Wagonjwa walitazama lami tupu, wakatikisa kichwa, wakasikitika.

Lakini gofu moja alikuwa nalo, na hilo hakulitolea hadithi. Ni nyumba ya marehemu baba yake, ya mawe, katika mji wa zamani kule Malindi. Paa lilikwisha kushuka na mti ulikuwa umeota sebuleni. Tajiri mmoja wa hoteli alikitaka kiwanja, na mdogo wake Kiongozi, aliyebaki kule, alikuwa tayari kuuza, ila bila neno la kaka mtu haiuziki. Kila Jumapili simu ililia. Mimi ningekuwa uani kwangu naanika vitambaa, na ningemsikia upande wa pili wa uzio, mtu yule mwenye sauti ya kuhutubia basi zima, akiongea kama mwenye mafua. "Naam. Lile gofu. Naam, nimefikiri. Nipigie Jumapili ijayo." Jumapili ijayo ikawa miaka.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hasemi ndiyo au hapana. Akaniambia kuwa gofu haliharakishwi. Nikamuuliza kwa nini aliondoka Malindi hapo mwanzo. Akanijibu alifukuzwa na nyuki. Kwa mwuguzi mmoja Mkenya alisema alikuja kusoma. Wengine aliwaambia alifuata mapenzi, na mkewe aliposikia akauliza, "Ya nani?" Mimi nilikuwa naona kabisa kuwa maswali yale mawili kwake yalikuwa moja. Mtu ambaye hajui kwa nini aliondoka atamwambiaje mdogo wake kama anarudi au harudi?

Sasa niwape habari ya safari, maana mpaka leo nikiikumbuka moyo wangu unaruka.

Mimi kila mwaka nilikuwa nakwenda Bangkok kuchukua vitambaa vya harusi. Mwaka ule nilikuwa na oda kubwa na nilihitaji mwanamume wa kubishana bei na kubeba mizigo. Mkewe Kiongozi akaniazima mumewe kwa moyo mkunjufu mno, nadhani alitaka kupumzika masikio. Mtu wa tatu alikuwa mteja wangu wa Fort Worth, Mkongo kutoka upande wa Bukavu, shemasi wa kanisa lao, mfanyakazi wa ghala. Kwaya yake ilikuwa inataka sare mpya, na yeye picha za vitambaa alizikataa. "Mama, bluu iko nyingi," aliniambia. "Minataka niiguse na mukono yangu." Alikuwa mtu wa nidhamu, Shemasi. Nilikuwa naamini hata kuoga anaoga na tai.

Niliwaahidi zawadi. Tukimaliza sokoni, siku ya mwisho tutapanda gari la watalii tukatembezwe Ayutthaya, mji wa kale wa wafalme, siku moja kwenda na kurudi, na mtembezaji wetu wa kukodi. Kiongozi niliposema hivyo aliketi chini. "Mimi?" alisema. "Niongozwe mimi?" Maisha yake yote hajawahi kuongozwa. Wiki nzima alikuwa kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi, kila asubuhi ananiuliza toka ng'ambo ya uzio kama mtembezaji atakuwa na bendera. Shemasi nilimpigia simu.

"Shemasi, siku ya mwisho tunakwenda magofu na makasri."

"Golf?" akauliza. "Kwa kasri ya mufalme?"

"Ndiyo, magofu, na kasri la mfalme."

"Aaah, Mama! Mungu iko muzuri!"

Nikafurahi kuona mtu wa Mungu anavyopenda historia.

Asubuhi ya safari, mimi na Kiongozi tuko chini hotelini, lifti ikafunguka. Akatoka Shemasi. Kofia nyeupe. Fulana ya kola. Kaptura ya magotini, miguu ambayo Fort Worth nzima haijawahi kuiona. Na mkono wa kushoto, glavu moja, nyeupe, ya ngozi. Kumbe bosi wake wa ghala alikuwa mchezaji wa golf, alikuwa amempeleka uwanjani mara kadhaa, na Shemasi akaona ndiyo njia ya kupandishwa cheo. Glavu ile alikuwa ameibeba kutoka Texas, imelazwa ndani ya Biblia isijikunje.

"Tuko tayari?" akasema. "Fimbo watatupatia kule?"

Kiongozi alinitazama. Mimi nikamtazama Kiongozi. Halafu nikashika ukuta kwa kucheka.

"Shemasi," nikamwambia nilipopata pumzi, "si gofu ya mpira. Magofu! Majumba ya kale, yaliyobomoka!"

"Lakini niliuliza! Nilisema golf, ukasema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo kwa gofu langu mimi."

Akasimama pale kidogo, anaitazama glavu. Kisha akacheka mwenyewe, kicheko kile cha Wakongo kinachoanzia tumboni. "Basi twende tuone hiyo yenu," akasema. Kubadili nguo muda haukuwapo, gari lilikuwa linapiga honi.

Mtembezaji wetu alikuwa binti mwembamba wa pale pale, Kiingereza chake kizuri, na bendera alikuwa nayo, ya njano. Kiongozi alipoiona alinifinya mkono. Tulianzia kwenye kasri la mapumziko la wafalme, nje ya mji wa kale, na mlangoni tukakwama: magoti wazi hayaingii kwa mfalme. Kila mtu akamgeukia Shemasi na kaptura yake. Mimi Mzanzibari, kanga haitoki mkobani mwangu hata nikienda mwezini. Nikaitoa, ya nyekundu na nyeupe, nikamfunga kiunoni kama ninavyowafunga mabibi harusi. Hivyo ndivyo shemasi wa Fort Worth alivyoingia kwenye kasri la mfalme wa Thailand, glavu mkononi, na makalioni ameandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Na kasri lenyewe! Jumba la dhahabu limesimama katikati ya bwawa, paa juu ya paa juu ya paa, ncha zimepinda kama kucha za bibi harusi, na lote liko mara ya pili ndani ya maji. Vichaka vimekatwa vikawa tembo, familia nzima ya tembo wa majani wanavuka nyasi. Nilipiga kelele. Sina haya kusema. Shemasi alikuwa anasema "Eh, Yesu, eh, Yesu" kila kona, akiinua kanga yake asiikanyage.

Kiongozi siku ile alitembea kwenda mbele. Niliona na sikuamini. Alimfuata yule binti hatua kwa hatua, mikono nyuma. Ila mdomo haukuweza. Binti akisema neno, yeye nyuma anatunong'onezea kwa Kiswahili: mfalme huyu alikuwa na wake arobaini, mmoja aliwakata tembo hawa kwa mkasi wa kucha. Mwishowe binti akasimama.

"Baba, unawaambia nini?"

"Natafsiri," akasema Kiongozi.

Binti akatabasamu. "Tafsiri yako ni ndefu kuliko maneno yangu."

Kiongozi aliona haya mpaka masikioni. Toka hapo alinyamaza, na ndipo aliposikia.

Mchana tukafika kwenye mji wenyewe. Sijui nilitarajia nini, labda mawe machache. Ni mji mzima, matofali mekundu mpaka macho yanakoishia, minara imeinama huku na huku, na safu kwa safu za masanamu ya Buddha yameketi, mgongo wima, hayana vichwa. Tulikuwa tunakimbia kutoka moja kwenda jingine kama watoto walioachiwa shule. Kisha binti akatupeleka kwenye mti. Kichwa cha Buddha kimelala chini, uso mpole, na mizizi ya mti imekizunguka pande zote, imekikumbatia, haikukivunja.

"Mkipiga picha," binti akasema, "tafadhali shukeni chini. Vichwa vyenu visikae juu ya kichwa chake."

Hapo dini zikaamka. Shemasi akanitazama, Kiongozi akanitazama, kana kwamba mimi ni kadhi na askofu.

"Hii si kusujudu?" akauliza Kiongozi.

"Ni kuchutama," nikasema. "Kama mtu anapuliza jiko. Kwa watu unaingia kwa adabu ya wenyewe."

Tukachutama. Wazungu tuliopanda nao gari walipiga goti, wakayumba, mmoja akaanguka upande. Sisi watatu tulichutama pale, visigino chini, tumestarehe kabisa, tungeweza kupika na kula. Nilikuwa nataka kucheka tena, nikamwona Kiongozi. Alikuwa hatazami kichwa. Anatazama mizizi.

"Kwetu mti uko sebuleni," akasema polepole.

Alipoinuka alimuuliza binti watu wa mji huu walikwenda wapi. Binti akasema jeshi la adui lilikuja, likauzingira mji, likauchoma. Wengine wakafa, wengine wakachukuliwa, wengine wakatawanyika. Kiongozi akauliza tena: wale waliotawanyika, walipofika huko walikofika, walikuwa wanasema nini kuhusu hapa?

Binti akafikiri. "Hilo sijui," akasema.

Hivyo tu. Halafu akainua bendera yake ya njano na watu wote wakamfuata.

"Amesema hajui!" Kiongozi akanishika bega. "Umesikia? Na hawajamwacha! Wanamfuata tu!"

Tulipumzika kwenye ukuta wa matofali, tunakula nanasi la vipande. Shemasi akavua glavu yake ile, hatimaye, akaiweka gotini juu ya kanga.

"Papa Guide," akasema, "hii neno yenu. Gofu. Njo nini kabisa?"

Swali la namna hiyo kwa Kiongozi ni sawa na ngoma kwa mchezaji. Akasimama. Akatugeukia. "Gofu, Shemasi, ni nyumba iliyokufa. Paa limeshuka, wenyewe wameondoka. Haina mtu, haina jina."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Shemasi akatafuna nanasi lake akamaliza. "Kwetu hakuna hii neno," akasema. "Kijiji yetu iliungua yote. Nyumba yetu, ya majirani, yote. Lakini hatusemagi gofu. Tunasema nyumba ya Papa fulani. Unaweza pita pale, kuko mawe tatu ya jiko na majani tu, na utaambia mutoto, ona, hii njo nyumba ya babu yako. Mutoto ataona nyumba." Akanyanyua mabega. "Kama kuko mutu anaita jina, iko nyumba. Miye niko Fort Worth, na ile iko nyumba ya baba."

Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuelekeza duka. Akaomba kipande kingine cha nanasi.

Kiongozi alibaki amesimama, mikono bado iko hewani kwa hotuba. Akaninyoshea kiganja. "Bibie, niazime simu yako." Akaenda nayo nyuma ya mnara. Haikuwa Jumapili, na mdogo wake lazima alidhani pana msiba, kwa sababu kitu cha kwanza tulichosikia ni Kiongozi akipiga kelele, "Hajafa mtu! Hajafa mtu, sikiliza!" Halafu sauti yake ile ya basi zima ikarudi, ikapiga kwenye matofali ya watu wa kale, na ndege wakaruka. "Nyumba ya baba haiuzwi! Ndiyo! Nyumba ya baba! Mti ukate, hapana, mti usiukate mpaka nije niuone!"

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na meno yote yako nje. Alimkumbatia Shemasi, kanga na vyote. Shemasi hakuelewa amefanya nini, lakini ni mtu wa kanisa, akasema amina. Mimi nililia wazi wazi, nikajifutia upindo wa kanga yangu mwenyewe kiunoni mwa mtu mwingine. Yule binti alikuja mbio kuuliza kama kuna tatizo. Kiongozi akamwambia kwa Kiingereza cha kitalii alichokuwa nacho tangu ujana wake, "Hapana, binti yangu, hii ndiyo ziara bora kuliko zote nilizowahi kuona." Na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu hakuwahi kuona nyingine.

Tuliporudi Texas, Kiongozi aligundua neno sijui kama mtu aliyenunua viatu vipya. Alilivaa kila mahali. Mgonjwa anauliza jengo lile la vioo ni la nini, yeye kwa furaha, "Sijui!" Anauliza mvua itanyesha, "Sijui!" Abiria wa zamani walinung'unika, wakataka malkia wao. Ilibidi apunguze. Bibi wa nyumbu mia alirudi, lakini sasa mwisho wa hadithi alikuwa anaongeza, "Au labda kilikuwa kiwanda cha matofali." Kwaya ya Shemasi iliimba na bluu yake, na Shemasi hakupandishwa cheo, golf ilimshinda.

Nyumba ya baba ilichukua miaka. Ukuta mmoja mwaka huu, mlango mwaka kesho. Mkewe alistaafu, akatangulia kwenda kuwasimamia mafundi, maana alisema mumewe akisimamia yeye mafundi watasikiliza hadithi badala ya kuchanganya chokaa. Upande wa pili wa uzio wangu Jumapili simu bado zililia, na sasa nilisikia boriti, nilisikia milango ya kuchonga, nilisikia mabishano makali kuhusu mti, uliohamishiwa uani, ukagoma kufa. Watoto wake walio Atlanta na Chicago walikuwa wakimpigia wanamwambia "Dad, are you sure?" na yeye akiwajibu kwa Kiswahili tu, ili wajibidishe.

Mwishowe akauza nyumba ya Pearland. Alikaa kwangu siku chache, na asubuhi ya safari nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kama kadi, kofia mpya, na hawezi kukaa, anagonga magoti, anafungua dirisha, anafunga dirisha. "Ezeko limekwisha!" alikuwa ananiambia tena na tena. "Ezeko limekwisha, bibie! Nitalala chini ya paa la baba!" Mimi furaha yake ilikuwa inanifurahisha na inanichoma.

Sikwenda barabara kuu moja kwa moja. Nilikata kona, nikazunguka mtaa wa nyuma, ng'ambo ya uzio wetu, nikapunguza mwendo. Nilikuwa sijapanga. Mdomo ulijifungua wenyewe.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "upande wenu wa kulia, mnaiona nyumba ya Kiongozi."

Mlangoni kulikuwa na baiskeli ya mtoto na viatu visivyo vyake. Pazia jipya, la njano. Aliitazama mpaka shingo ikageuka yote, kama wagonjwa wake walivyokuwa wakifanya. Kisha akanyosha mkono juu, kama mtalii mwenye adabu.

"Swali, Kiongozi," akaniambia mimi. "Mwenyewe alikwenda wapi?"

"Nyumbani kwa baba yake."

"Na huku alikuja kwa nini?"

Nilikuwa na jibu zuri, lenye mfalme na lenye nyuki. Lilinifika mpaka ulimini.

"Sijui," nikamwambia.

Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Ahsante!" akasema, anacheka na machozi yanamtiririka. "Na mimi sijui, bibie! Sijawahi kujua! Ahsante!" Alicheka hivyo mpaka tukatoka Pearland, mpaka tukazipita hospitali zetu, na mimi nikicheka naye, macho yangu yamejaa maji na barabara siioni vizuri. Alipotulia alijifuta uso kwa kofia yake mpya, akatazama nje, akatazama tena.

"Geuza gari, bibie," akasema. "Ume-miss exit."